Jina la Mtoto wa Kiume na Nasaba Visiwani

Waswahili husema jina jema hung'ara gizani. Methali hii aghlabu hufasiriwa kwa maana ya sifa njema, lakini katika visiwa vya Unguja na Pemba inaweza kuchukuliwa pia kwa maana yake ya dhahiri, kwani jina la mwanamme huendelea kutajwa muda mrefu baada ya mwenyewe kuzikwa. Ukiwaacha masharifu na watu wa makabila ya Kiarabu, ambao huongeza jina la kabila, wenyeji wengi hawakuwa na jina la ukoo. Mtu alijulikana kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, basi. Kwa hivyo mtoto anayeitwa Makame leo, kesho atakuwa jina la pili la wanawe, na keshokutwa jina la tatu la wajukuu zake. Jina la binti halina safari hiyo, maana watoto wake hufuata la baba yao. Wazee wanapokaa kumchagulia jina mtoto wa kiume, huwa wanawachagulia vilevile watu ambao bado hawajazaliwa.

Dini nayo imelitilia mkazo jambo hili. Kutoa jina jema ni haki ya mtoto kwa mzazi wake, na siku ya saba, siku ya akika, ambapo mvulana huchinjiwa mbuzi wawili, ndiyo siku inayopendekezwa kumpa jina. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari mna kisa cha Hazn, mtu ambaye jina lake lilikuwa na maana ya ardhi ngumu. Mtume alimtaka ajiite Sahl, yaani mwepesi, naye akakataa kuliacha jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, mwanachuoni mashuhuri Said bin Musayyab, alikuja kusema kwamba ugumu huo haukuwatoka watu wa nyumba yao. Kisa kinawahusu vizazi vitatu, na hicho ndicho kipimo kile kile ambacho Visiwani hupimia jina.

Mfumo huu una sharti moja ambalo huonekana dogo: lazima pawe na baba anayetajika. Utumwa ulilivunja sharti hilo. Mtoto aliyetekwa bara na kuvushwa hadi Unguja katika karne ya 19 alifika na jina alilopewa na wazazi wake, na mara nyingi jina hilo lilikomea pale pale alipouzwa. Bwana wake alimpa jingine. Likawa Feruzi, Almasi, Marjani au Johari, majina ya vito vya thamani. Au likawa Mabruki, Baraka, Faraji au Bahati, majina ya heri na neema. Kwa masikio ni majina mazuri, wala hapana hata moja lenye tusi ndani yake. Lakini kila aliyeyasikia alimtambua mwenyewe. Kito humilikiwa, na heri iliyokusudiwa ilikuwa ya bwana kabla ya kuwa ya mtumwa.

Desturi hiyo haikuanzia Visiwani. Muslim amepokea hadithi inayokataza kuwaita watumwa kwa majina kama Rabah na Yasar, yaani faida na wepesi. Ambapo inaonyesha kwamba Waarabu wa zama hizo walikwisha kuizoea. Misri ilitawaliwa katika karne ya 10 na Kafur, mtumwa aliyepewa jina la kafuri. Na mmoja kati ya waandishi wa zamani waliovitaja visiwa hivi, mwanajiografia Yaqut al-Hamawi aliyefariki mwaka 1229, ambaye katika kamusi yake ya miji na nchi aliiandika Unguja kwa jina la Lanjuya, naye pia alipata kuwa mtumwa. Yaqut ni yakuti. Huitwa bin Abdallah, lakini hiyo ilikuwa kawaida ya kuwanasibisha watu ambao baba zao hawakujulikana: kila baba ni mja wa Mungu, kwa hivyo jina Abdallah halikosi kweli, ingawa halimtaji mtu yeyote.

Unguja ina mfano wake wa karibu zaidi. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akapelekwa Bara Hindi na baadaye akarejea Afrika, aliwaongoza Burton, Speke, Stanley na Cameron katika safari zao za bara. Alifariki mwaka 1885. Historia humjua kwa jina la heri na jina la mji wa ugenini, na katika mawili hayo hamna hata moja la mzazi. Myao mwingine, Cecil Majaliwa, alikombolewa akalelewa na wamisheni wa Kianglikana Unguja, na mwaka 1890 akawa padri. Cecil lilikuwa jina la walezi wake wapya. Hata waliotolewa utumwani walipewa majina na watu wengine.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultan Hamoud bin Mohammed alitia saini amri iliyoondoa hali ya utumwa katika sheria, ila mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Karatasi ya serikali ilimpa mtu uhuru, lakini haikumpa baba. Hilo alilazimika kulitengeneza mwenyewe, na chombo alichokuwa nacho kilikuwa jina.

Miongoni mwa waliopata uhuru wapo waliobadili majina yao. Mfano ujulikanao sana ni wa mwanamke: Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, alipewa na wazazi wake jina la Mtumwa, naye akaondoka duniani mwaka 1950 akiwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Lakini aliyebadili jina lake alijisitiri peke yake. Aliyetaka kuisitiri nyumba alingoja azae mtoto wa kiume. Tuseme Feruzi alimwita mwanawe Juma, jina la siku, ambalo mwungwana na mtumwa waliitwa sawasawa. Naye Juma akamwita mwanawe Khamis. Mjukuu huyo ni Khamis Juma Feruzi. Jina la kito limesukumwa hadi mwisho, na kizazi kimoja mbele halitamkwi tena. Kazi hiyo hutaka miaka hamsini au sitini, wala haihitaji hakimu.

Zama hizo hizo watu walikuwa wakibadili pia namna ya kujieleza mbele ya serikali. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1924 maelfu waliandikishwa kuwa Waswahili. Katika ile ya mwaka 1931 idadi hiyo ilishuka mno. Kabila lilibadilika kwa kalamu ya karani katika siku moja, ilhali jina lilibadilika polepole, mtoto baada ya mtoto.

Upande wa pili wa desturi hii ni kumrejesha babu. Rais wa kwanza wa Zanzibar aliitwa Abeid Amani Karume. Mwanawe, aliyekuwa Rais kutoka mwaka 2000 hadi 2010, ni Amani Abeid Karume. Amani aliyekuwa nyuma ameletwa mbele. Wakati huohuo mfano huo unaonyesha mabadiliko mengine, kwani Karume limesimama mahali pake kama jina la ukoo, nalo halisogei. Vyeti vya kuzaliwa, skuli na pasi za kusafiria zimelikazia mkondo huo, na katika nyumba nyingi jina la mwisho sasa halidondoki.

Faraji na Baraka leo ni majina ya mtu yeyote, na wanaoyachagua huitazama maana tu. Feruzi na Mabruki ni nadra zaidi, na aghlabu hupatikana mwishoni mwa majina matatu. Walioyasukuma huko walikuwa na haki yao, kwani walitaka wajukuu waulizwe habari zao wenyewe, si habari za mabwana wa babu zao. Lakini mtu aliyevushwa baharini akiwa mtoto, akafa bila ya shamba wala kaburi lenye maandishi, hakuacha alama nyingine. Jina lile, japo alipewa na aliyemnunua, ndilo aliloitikia maisha yake yote, na mwanawe ndiye wa kwanza kuitwa bin Feruzi.