Mwezi wa Mfungo Kwetu Maniema

Ukimuuliza mzee wa Kasongo Idi itakuwa tarehe gani, hataangalia kalenda ya ukutani. Atakujibu: "Tungoje mwezi." Jibu hilo limebeba historia yetu ya zaidi ya miaka 150.

Mfungo uliingia Maniema pamoja na misafara ya watu wa pwani. Mwaka 1871 Livingstone aliwakuta tayari Nyangwe; kisha Tippu Tip akafanya Kasongo kuwa kituo chake kikubwa. Tusijidanganye: misafara ile ilibeba pembe na watumwa, na wengi waliosilimu kwanza walikuwa watu walioondolewa vijijini mwao kwa nguvu. Lakini ni hao waungwana waliobaki na dini. Nyangwe ilianguka mwezi wa tatu 1893, Kasongo mwezi wa nne. Wakubwa walikufa ao wakakimbia, mfungo ukabaki mikononi mwa watu wadogo.

Wakati wa Wabelgiji haikuwa rahisi. Kwa mapatano ya mwaka 1906 na Vatikano, mamisioni yalipewa ardhi ya kufungulia masomo. Wazazi wengi waislamu waliogopa kupeleka watoto huko, juu ya ubatizo. Tulilipa hofu hiyo, maana tulichelewa sana kupata wasomi. Lakini elimu ya kuhesabu mwezi iliendelea nyumbani na kwa mwalimu wa Korani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwezi una siku 29 ao 30. Jioni ya siku ya 29, jua likishatua, watu wanasimama na kuangalia magharibi. Mawingu yakifunika, wanatimiza 30. Mwaka huo una siku 354 hivi, ndiyo sababu Ramadhani inarudi nyuma karibu siku 11 kila mwaka, na inazunguka majira yote kwa miaka 33. Mwaka 2016 iliangukia mwezi wa sita, wakati wa kiangazi. Mwaka 2025 mwezi wa tatu, ndani ya mvua. Kwa sababu tuko karibu na ikweta, sisi tunafunga saa 13 hivi kila mwaka. Ndugu zetu walio Bruxelles, mfungo ukiwafikia mwezi wa sita, wanapita saa 17.

Magharibi ikifika, wamama wanatoa uji wa mchele, mikate ya mafuta, samaki, sombe. Na mchele wenyewe ni zao lililoletwa na misafara ile ile! Sahani moja inavuka njia kwa jirani mkristo; siku ya Noeli itarudi, na haitarudi tupu. Kabla ya sala ya Idi kila baba anatoa zaka ya fitri: pishi moja ya nafaka, ni kusema vibaba vinne, kwa kila kichwa cha nyumba, hata mtoto mchanga, ili maskini naye apike siku hiyo.

Hapo ndipo ugomvi wa siku hizi unapouma. Radio, kisha simu, zimeleta habari ya mwezi wa Maka. Wengine wanaufuata, wengine wanasema: "Sisi tunafuata macho yetu." Nimeona ndugu wawili katika lupango moja, mmoja amevaa kanzu ya Idi, mwenzake bado anafunga. Kufunga siku ya Idi ni haramu, na kula siku ya Ramadhani bila sababu ni haramu pia; basi kila mmoja anamhesabu mwenzake kuwa na dhambi. Na yule maskini, pishi yake aipokee siku gani?

Mimi nakubali macho ama simu, mradi mji wote uwe na jioni moja. Tangu 1972 jumuiya ya waislamu inatambuliwa na serikali, viongozi wake wanaweza kukaa na wazee kabla ya ile jioni ya 29, si kesho yake. Mama wa wale ndugu wawili alipika pilau mara mbili. Siku ya pili mchele ulikuwa umepungua, akaazima kwa jirani yake mkatoliki.