Amana Kati ya Wasiojuana: Kutoka Boriti za Rufiji hadi Sarafu za Mtandaoni

Biashara kati ya watu wasiojuana ina ugumu wake wa kudumu: nani atangulize, mwenye mali au mwenye fedha? Katika Delta ya Rufiji na nchi kavu ya Kibiti, kata ya Mahege ikiwemo, swali hilo limejibiwa kwa namna tofauti kadiri bidhaa zilivyobadilika.

Bidhaa ya kale ni boriti. Majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba ya Uajemi yaliingia deltani na upepo wa kaskazi na kuondoka na kusi yakiwa yamesheheni miti ya mikoko. Miti ilipangwa kwa unene, fito mbali, pau mbali, boriti mbali, ikahesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, hesabu ambayo mkataji asiyejua kusoma aliimudu sawa na nahodha. Kinga nyingine ilikuwa msimu wenyewe. Nahodha aliyedhulumu alijua kwamba mwakani kaskazi itamrudisha kwenye mto uleule. Mwaka 1898 utawala wa Kijerumani uliitangaza mikoko ya Rufiji kuwa hifadhi, na tangu hapo serikali ikasimama kati ya mkataji na mnunuzi kwa vibali na ushuru.

Mpunga wa bondeni ulikuwa na desturi nyingine. Wenye maduka, wengi wao Wahindi, walimkopesha mkulima nguo na chakula kabla ya mavuno, naye akalipa kwa nafaka. Hapo mkopo ndio uliotangulia, na aliyeutoa ndiye aliyepanga bei. Sheria ya kikoloni ya 1923 ilibana mikopo ya namna hiyo kwa Waafrika, lakini haikumpa mkulima pa kuuzia pengine. Vyama vya ushirika, vilivyopewa sheria yao Tanganyika mwaka 1932, vilikusudiwa kuziba pengo hilo. Serikali ilivunja vyama vikuu mwaka 1976, kisha sheria ya 1982 ikavirudisha.

Soko la korosho lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi katika miaka ya 1990, ununuzi wa kangomba ulishamiri. Mnunuzi hufika kijijini na bakuli badala ya mizani, mara nyingi korosho zikiwa bado mtini, akakabidhi fedha taslimu kwa bei ya kutupa. Mkulima mwenye ada ya shule au mgonjwa nyumbani hukubali, na haifai kumlaumu: fedha ya kangomba huonekana siku hiyohiyo.

Jibu la serikali lilikuwa Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2005, ambayo msimu wa 2007/2008 ilianza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara, kisha ikaenea hadi Pwani. Utaratibu wake unastahili kuangaliwa kwa makini. Mkulima hupima korosho au ufuta kwenye chama cha msingi, mzigo ukapelekwa ghala kuu na stakabadhi ikaandikwa. Mnada hufanyika, na mshindi hulipa benki. Mwenye ghala haruhusiwi kuachia gunia hata moja kabla malipo hayajathibitishwa. Kwa hiyo mnunuzi hawezi kutoroka na mali, wala muuzaji hawezi kuiuza mara mbili. Mwenye ghala naye hutakiwa kuwa na leseni, bima na dhamana, kwa sababu anayeshika mali ya wawili anaweza kuwaponza wote. Hata hivyo, ulinzi huo una mwisho wake. Aprili 2013 ghasia zilizuka Liwale, mkoani Lindi, baada ya wakulima kulipwa pungufu ya walichotarajia. Korosho zilikuwa salama ghalani; kilichopotea ni imani kwa waliosimamia malipo.

Simu ilileta ghala la aina nyingine. Vodacom ilizindua M-Pesa nchini mwaka 2008, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 iliweka kanuni kwamba fedha za wateja zikae katika akaunti za amana benki, mbali na fedha za kampuni.

Juu ya miamala hiyo ya simu ndipo ilipojengwa biashara ya sarafu za kidijitali ya mtu kwa mtu. Muuzaji hutangaza Bitcoin au sarafu nyingine kwenye soko la mtandaoni. Anapopatikana mnunuzi, soko huifunga sarafu hiyo, mnunuzi hutuma shilingi kwa simu au benki, na muuzaji akithibitisha, sarafu huachiwa. Umbo ni lile la stakabadhi ghalani, isipokuwa kwamba mwenye ghala yuko nje ya nchi na hana dhamana yoyote Dodoma. Hatari ya jambo hilo imeonekana duniani: soko la Mt. Gox la Japani lilianguka mwaka 2014, na la FTX mwaka 2022. LocalBitcoins ya Ufini, soko kongwe la mtu kwa mtu, ilifungwa mwaka 2023.

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba sarafu hizo si malipo halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ijiandae kwa ujio wa sarafu hizo, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kodi ilitangulia, lakini leseni, bima na dhamana kama za mwenye ghala hazikuambatana nayo. Huo ni upungufu mkubwa, kwani wizi katika masoko haya mara nyingi hupitia njia nyepesi: ujumbe bandia wa malipo, fedha iliyotumwa kutoka laini ya mtu mwingine, au mnunuzi anayemshawishi muuzaji wamalizane nje ya soko. Muuzaji asiachie sarafu kwa kuonyeshwa ujumbe. Kwanza aangalie salio lake mwenyewe, na jina la aliyetuma lilingane na jina lililo sokoni.