Tarehe ya Karungu, Bandari Iliyoizaa Kisii

Watu wa Kisii wamezoea kusema kwamba vita vya Mjerumani huku kwetu ni vyao. Ndiyo maana naandika tarehe hii ya Karungu, ufuo wa Sori, kaskazini ya Muhuru.

Wazee wanasimulia kwamba mababu wa Wasuba wa pwani hii walivuka Ziwa Viktoria kwa mitumbwi kutoka Buganda, wakikimbia kisasi baada ya Kabaka Junju kuuawa. Wengine walishukia kisiwa cha Mfangano, wengine cha Rusinga. Muhuru nako walifika.

Reli ikaingia Kisumu Desemba 1901. Mwaka uliofuata meli Winifred, iliyoletwa vipande vipande kwa garimoshi, ikatiwa majini. Serikali ya Mwingereza ilitufikia kwa maji, na boma lake likasimama hapa Karungu. Kisii kulikuwa bado malisho. Boma la huko alikwenda kulifungua ofisa wake, Bwana Northcote, mwaka 1907. Basi mzazi ni nani, na mtoto ni nani?

Malale yakaipiga pwani, watu wakahama. Na kuna hili la ajabu: Mwingereza Pigott alitumwa hapa Karungu kukusanya mifupa iliyogeuka mawe. Ilikuwa ya mnyama wa jamii ya tembo, ila pembe zake zimeota kwenye taya la chini na kupinda kuelekea ardhini. Mifupa ilifika London. Pigott aliliwa na mamba.

Nirudi kwenye vita. Septemba 1914 Mjerumani, Kapteni Bock von Wülfingen, alivuka mpaka, ule ulio jirani kabisa na Muhuru, akaenda Kisii kwa miguu, na tarehe 12 risasi zikalia huko. Hiyo ndiyo sehemu wanayojisifia. Lakini Mwingereza alitaka kumzunguka kwa nyuma, na mlango wa nyuma ulikuwa Karungu. Winifred ikaja na askari. Ndani ya ghuba ilikuwamo Muansa, tagi ya Mjerumani, na mzinga wake tayari. Winifred haikuwa na cha kujibia, ikageuza. Ikarudi pamoja na meli Kavirondo, safari hii na mzinga, ikakuta Muansa imeshaondoka. Askari wakashuka mchangani bila kupingwa. Kisii iliona meli gani?

Leo Sori wanaanika omena juu ya nyavu kuukuu, na usiku karabai zinawaka majini. Kisiwa cha Migingo na ugomvi wake na Uganda, hayo watu wa Muhuru wataandika wenyewe.