Pa, Ku na Mu za Ubongoni

Mezani pana kitabu, mjini kuna watu, chunguni mna maji. Mwanafunzi hukariri viambishi hivi vitatu vya mahali kwa ajili ya mtihani, akishafaulu huvisahau, na siku hizi wengi wetu tumevitupa vyote katika "kuna" moja. Mimi nilivikumbuka upya nilipokuwa nikihariri tafsiri ya sura ya biolojia yenye swali moja tu: peptidi za ubongo hufanya kazi wapi?

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino. Chukua oksitosini: ni kama muwa wa pingili tisa. Jina lake la Kigiriki maana yake ni uzazi wa haraka, kwa kuwa ilianza kujulikana mwaka 1906, Henry Dale wa Uingereza alipoona kwamba dondoo ya tezi ya pituitari hukaza mji wa mimba wa paka. Vincent du Vigneaud aliiunda maabarani mwaka 1953, akapata Tuzo ya Nobel miaka miwili baadaye. Nduguye, vasopresini, ana pingili tisa vilevile, na wanatofautiana kwa mbili tu. Wote wawili hutengenezwa katika haipothalamasi, kisha hupitia pituitari kuingia katika damu. Lakini sehemu yao humwagwa humohumo ubongoni, na hapo ndipo sarufi inapoanza kazi.

Seli za neva zinapopelekeana ujumbe wa haraka, hukutana kwenye sinapsi, penye mwanya wa nanomita 20 hivi. Kemikali inatoka upande huu, inagusa upande ule, inaondolewa upesi. Hiyo ni PA: mahali dhahiri, pa kunyooshea kidole. Peptidi hazina adabu hiyo. Zinaweza kumwagwa hata nje ya sinapsi, kutoka mwilini mwa seli au matawini mwake, zikasambaa na kudumu kwa muda mrefu zaidi. Hiyo ni KU. Ndiyo maana watafiti wa miaka ya 1980 walipoweka ramani ya peptidi juu ya ramani ya vipokezi vyake, ramani hizo mara nyingi hazikulingana: huku peptidi tele na vipokezi haba, kule kinyume chake. Aliyezoea PA aliona kosa la maabara. Aliyekubali KU aliona kwamba mjumbe husafiri.

Na MU? Hapa inabidi tulikague neno kipokezi, ambalo nalitumia kila siku lakini sijalizoea. Kupokea, kwetu, ni kutwaa: nakupokea mzigo, mkono wako unabaki mtupu. Kipokezi cha oksitosini hakitwai hivyo. Ni protini iliyopenya utando wa seli mara saba, kama uzi wa mshonaji, kichwa nje na mkia ndani. Peptidi inashika upande wa nje, umbo la kipokezi linageuka, na upande wa ndani protini nyingine zinaamshwa. Mtu wa pwani haelezwi zaidi: mgeni kapiga hodi, kakaribishwa barazani, na habari yake ndiyo iliyoingia ndani. Humo, katika MU, seli hubadilika. Niliwahi kufikiria kiitikio badala ya kipokezi, maana hodi bila mwitikio ni kelele tu, lakini washairi walikwisha kulichukua neno hilo zamani, na sioni sababu ya kugombana nao. Kipokezi kibaki.

Majina ya sehemu zenyewe ni raha kwa mpenda maneno. Amigdala ni lozi kwa Kigiriki, na lozi tunaijua, ile ya kwenye halua; kila upande wa ubongo una yake. Talamasi ni chumba cha ndani, na haipothalamasi ni kilicho chini ya chumba. Kuna kiini ambacho jina lake la Kilatini linasema kinaegemea, basi mimi nakiita kiini egemezi. Naogopa tu kwamba mchapaji atapachika "t" mbele, kiwe tegemezi. Hatakuwa amekosea sana, maana kiini hicho kinahusika pia na uraibu wa dawa za kulevya.

Kiini hicho ndicho kinachonifanya nichukie jina moja ambalo magazeti yameipa oksitosini, "homoni ya mapenzi". Huko Amerika Kaskazini kuna panya wadogo wa jamii mbili zilizo karibu. Wa nyikani huishi wawiliwawili na kulea watoto pamoja. Wa milimani kila mmoja na lwake. Mwaka 1992, Thomas Insel na Lawrence Shapiro walionyesha kwamba vipokezi vya oksitosini vya panya hawa vimekaa tofauti ubongoni. Wa nyikani wanavyo vingi katika kiini egemezi, wa milimani ni haba hapo. Peptidi ni ileile, pingili kwa pingili. Kilichotofautiana ni anwani.

Na anwani yenyewe huhama. Jike wa milimani, mpweke kwa tabia, akishazaa, mpangilio wa vipokezi vyake vya oksitosini hubadilika ndani ya saa 24, wakati uleule anapoanza kulea watoto wake. Basi ukikutana tena na "homoni ya mapenzi" gazetini, mwandikie mhariri barua fupi umuulize: pa, ku, au mu?