Askari Wasomi wa Berkeley

Mwaka 1921, katika bweni la wasichana lililoitwa College Hall, jirani na Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, vitu vilianza kupotea: fedha, vito, vitabu. Kazi ya kumsaka mwizi ilimwangukia askari wa doria John Larson, kijana mwenye shahada ya uzamivu ya fiziolojia kutoka chuo hichohicho. Larson hakumtisha mtu. Aliwaketisha wasichana mmoja mmoja, akawafunga mkanda wa kupimia shinikizo la damu mkononi na bomba la kupimia pumzi kifuani, kisha akawauliza maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana, huku sindano ikichora mistari kwenye karatasi iliyopakwa masizi. Mistari ya mmoja wao iliruka kuliko ya wenzake, na baadaye alikiri. Msichana mwingine, aliyekuwa miongoni mwa walioibiwa, aliolewa na Larson mwaka uliofuata.

Kisa hicho hutajwa zaidi katika historia ya mashine ya kupima uongo. Kinastahili kutajwa pia katika historia ya elimu. Mpelelezi alikuwa amesomea chuoni, kifaa chake kilitokana na maabara, walioibiwa na walioshukiwa walikuwa wanafunzi, na kituo cha polisi kilikuwa mwendo wa miguu kutoka madarasani. Mji mzima ulikuwa umegeuzwa kuwa mahali pa kujifunzia, na aliyeugeuza hakuwahi kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu chochote.

August Vollmer alizaliwa New Orleans mwaka 1876. Alipigana Ufilipino katika jeshi la Marekani, akarudi Berkeley na kuwa mgawa barua, na mwaka 1905 wakazi wakamchagua kwa kura aongoze polisi wa mji huo mdogo. Aliwapandisha askari wake kwenye baiskeli, na miaka michache baadaye kwenye magari. Lakini kilichomkera kuliko uhaba wa vyombo ni kwamba mtu alikabidhiwa bunduki na beji leo, na kesho akaanza kuamua nani akamatwe, bila kufundishwa lolote. Mwaka 1908 akafungua shule ya polisi ndani ya idara yake. Mitaala iliyofuata ilikuwa ya miaka kadhaa: fizikia, kemia, biolojia, elimu ya sumu, magonjwa ya akili, sheria ya jinai, huduma ya kwanza. Baadhi ya walimu walikuwa maprofesa wa chuo kikuu, na askari walisoma huku wakiendelea na kazi. Mwaka 1916, kwa kushirikiana na profesa wa sheria Alexander Kidd, masomo hayo yaliingia chuoni kama kozi za likizo ya kiangazi.

Kisha akageuza mkondo. Badala ya kuwapeleka askari chuoni tu, akaanza kuwaajiri wanafunzi kuwa askari. Magazeti yaliwaita polisi wa chuo, na wako waliowacheka. Aliyekuwa na kipindi cha kemia asubuhi alivaa sare jioni, akazunguka mitaa ileile alimopanga chumba.

Mfano bora wa maisha hayo ni Walter Gordon. Alikuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani aliyesifika nchi nzima, na mwaka 1919 akawa askari wa kwanza Mweusi wa Berkeley. Alisomea sheria huku akishika zamu za polisi, na bado akapata muda wa kufundisha timu ya chuo. Inasimuliwa kwamba askari wachache Weupe walipotishia kuondoka kwa sababu yake, Vollmer aliwaonyesha mahali pa kuacha beji zao. Gordon alihitimu sheria mwaka 1922, na hatimaye akawa gavana wa Visiwa vya Virgin vya Marekani, kisha jaji wa serikali kuu. Mwenzake katika idara hiyo, Orlando Wilson, aliyejiunga mwaka 1921 akiwa bado mwanafunzi, alikuja kuwa mkuu wa polisi wa Chicago.

Jambo moja katika mafunzo hayo halipewi uzito unaolistahili. Kila Ijumaa askari walikutana na mkuu wao, na katika kikao hicho askari wa ngazi yoyote aliruhusiwa kumkosoa mwenzake, na hata Vollmer mwenyewe, ana kwa ana. Kosa la wiki lililetwa mezani na kuchambuliwa. Kupima damu kunafundishika maabara. Kuambiwa na mdogo wako kazini kwamba ulimkamata mtu isivyo haki, ukavumilia na kujibu kwa hoja, hakufundishiki kwa kitabu.

Maabara nayo haikukosa sifa. Mkemia Edward Oscar Heinrich, aliyefundisha chuoni hapo, aliletewa ovaroli iliyookotwa baada ya uvamizi wa treni katika milima ya Siskiyou, jimbo la Oregon, Oktoba 1923, ambapo watu wanne waliuawa. Kutokana na utomvu wa miti na vumbi lililonasa mifukoni alitambua kwamba mwenye nguo alikuwa mkata miti. Ndani ya mfuko mwembamba wa kalamu akakuta kikaratasi kilichosokotwa: risiti ya posta. Risiti hiyo ilielekeza kwa ndugu watatu wa ukoo wa DeAutremont, waliotiwa mbaroni mwaka 1927.

Haitoshi kusifu tu. Mitaala ya awali iliwafundisha askari pia nadharia za urithi na za kuzorota kwa mbari, mambo yaliyovaa joho la sayansi yakabeba ubaguzi. Tena ujuzi wa doria wa Vollmer ulikuwa na mizizi katika vita vya kikoloni vya Ufilipino. Mtu huyohuyo, hata hivyo, alipinga waziwazi mateso ya vituoni wakati kupiga washukiwa kulikuwa jambo la kawaida Marekani, na mashine ya Larson alitumaini ingechukua nafasi ya ngumi. Larson mwenyewe aliishia kuwa mkosoaji wa namna mashine hiyo ilivyotumiwa. Tayari mwaka 1923 mahakama ya rufaa mjini Washington ilikuwa imekataa ushahidi wa kipimo cha aina hiyo, katika kesi ya Frye.

Mwaka 1950 masomo yaliyoanzia kituo cha polisi yalipewa shule kamili ya kriminolojia, Wilson akiwa mkuu wake. Humo Paul Kirk, mtaalamu wa biokemia, alifundisha kusoma damu, nyuzi na vumbi. Mwaka 1955 alichunguza madoa ya damu katika nyumba ya daktari Sam Sheppard huko Ohio, aliyekuwa amehukumiwa kwa kumuua mkewe. Maelezo ya Kirk yalisikika katika kesi ya marudio ya 1966, na Sheppard akaachiwa huru.

Wakati huo kampasi ilikuwa inachemka. Mwaka 1964 polisi waliwakamata mamia ya wanafunzi waliodai uhuru wa kusema. Mei 1969, katika mgogoro wa kiwanja kilichoitwa People's Park, askari walifyatua risasi na kijana James Rector akafariki. Wanafunzi wa kriminolojia walioishi mitaa hiyo wakaanza kuuliza maswali mengine: sheria inamlinda nani, na kwa nini magereza yamejaa maskini na Weusi? Baadhi ya walimu, akiwemo Tony Platt, waliuliza pamoja nao. Chuo kilitangaza kuifunga shule. Wanafunzi waliandamana, lakini mwaka 1976 milango ikafungwa.

Sayansi ya ushahidi ilipata hifadhi katika Kitivo cha Afya ya Umma, na miaka michache baadaye Kitivo cha Sheria kikaanzisha programu ya kuchunguza sheria na sera za jamii. Kwa hiyo anayechunguza doa la damu na anayeuliza damu hiyo imemwagika kwa nini walisomea tangu hapo majengo tofauti, chini ya walimu tofauti, na kikao cha Ijumaa cha kuwakutanisha hakikuwepo tena.