Kuangazia maneno (michezo ya video)

Kuangazia maneno ni mbinu ya kuandika programu inayotumika kutofautisha neno moja au machache na mengine yaliyo katika matini ya skrini. Neno linaweza kupewa rangi nyingine, kuwekewa rangi nyuma yake, kupigiwa mstari au kuandikwa kwa herufi nzito. Katika michezo ya video mbinu hii humwonyesha mchezaji jambo la kukumbuka, kama vile jina la mtu au mahali pa kwenda. Katika michezo ya kujifunzia humsaidia mtoto kufuata neno linalosomwa kwa sauti.

Matumizi

Kwa mfano, katika mchezo unaohusu wavuvi wa Mwanza, mhusika anaweza kusema: "Peleka sato watatu Mwaloni kabla ya jua kuzama." Maneno *sato* na *Mwaloni* yakiangaziwa, mchezaji anajua mara moja abebe nini na aende wapi. Mwaloni ni soko la samaki lililopo Kirumba, kando ya Ziwa Victoria. Sato ni jina linalotumika kanda ya ziwa kwa samaki ambaye sehemu nyingine za Tanzania huitwa perege. Kwa sababu hiyo neno lililoangaziwa linaweza pia kuguswa ili lifungue maelezo ya maana yake.

Nusu ya sentensi ikiwa na rangi, hakuna neno linaloonekana kuwa muhimu kuliko mengine.

Njia za kuandika programu

Njia ya kawaida ni kuweka alama ndani ya matini yenyewe. Katika injini ya Godot, kwa mfano, sehemu iitwayo RichTextLabel husoma alama kama hizi:

`Peleka sato watatu [color=yellow]Mwaloni[/color].`

Alama hazionekani kwa mchezaji; injini huzitumia kubadilisha rangi tu. TextMeshPro ya Unity na Ren'Py zina alama za aina hiyo pia.

Katika maktaba ya Pygame, ambayo huchora mstari mzima kwa rangi moja, mwandishi wa programu hukata sentensi kuwa maneno. Kisha hupima upana wa kila neno kwa pikseli na kuchora moja baada ya jingine. Neno lisipotosha kwenye nafasi iliyobaki, huhamishiwa mstari unaofuata.

Makosa mawili hutokea mara nyingi. La kwanza ni pale matini inapojitokeza herufi moja moja: programu ikihesabu alama kama herufi za kawaida, vipande vyake huonekana kwenye skrini. La pili ni kutumia herufi nzito wakati mchezo unaendelea. Herufi hizo huwa pana zaidi, hivyo maneno husogea na mistari hukatika upya.

Kutambua maneno ya Kiswahili

Programu inaweza kuamriwa itafute neno na kuliangazia kila linapotokea, lakini katika Kiswahili njia hii hukosea kwa urahisi. Ikitafuta herufi *ziwa*, itaangazia pia sehemu ya *maziwa* katika sentensi inayohusu maziwa ya ng'ombe. Ikiamriwa kukubali neno zima tu, itaacha *ziwani*. Vivyo hivyo, kutafuta *mtumbwi* hakutapata *mitumbwi*.

Ritifaa ya *ng'ombe* ni tatizo jingine. Kanuni nyingi za kutafuta maneno huhesabu ritifaa kama mpaka wa neno, hivyo hugawa *ng'ombe* kuwa *ng* na *ombe*. Aidha, ritifaa iliyonyooka na iliyopinda ni herufi mbili tofauti kwa kompyuta.

Kwa hiyo ni salama zaidi mwandishi wa matini aweke alama kwa mkono. Hali ni hiyo pia mchezo unapotafsiriwa. Neno la tatu katika sentensi ya Kiswahili huenda likawa la pili kwa Kiingereza, hivyo kuhesabu nafasi ya neno hakufai.

Katika kufundisha kusoma

Mchezo unaposoma hadithi kwa sauti, programu huwa na orodha ya muda ambao kila neno linaanza kutamkwa, na rangi huhama kufuata sauti. Hapa usahihi ni muhimu sana: rangi ikitangulia sauti au ikikata neno katikati, mtoto huunganisha sauti na herufi zisizo zake.

Programu za kufundisha kusoma kwa Kiswahili zilijaribiwa kwa upana nchini Tanzania katika shindano la Global Learning XPRIZE. Programu tano zilizofika fainali zilipelekwa kwa tableti katika vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga. Mwaka 2019 Kitkit School na onebillion zilitangazwa kuwa washindi kwa pamoja.

Usomekaji

Baadhi ya watu hawatofautishi nyekundu na kijani. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG unataka rangi isiwe njia pekee ya kutoa taarifa, kwa hiyo inafaa kuongeza mstari chini ya neno. Kwa maandishi ya ukubwa wa kawaida, unataka tofauti ya mwangaza kati ya herufi na rangi iliyo nyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1. Tofauti hiyo humsaidia pia anayecheza kwa simu kwenye jua kali, ambapo njano juu ya nyeupe haisomeki.