Chuo kwenye simu: jukwaa la Moodle na masomo ya mbali huku Mashariki

Vyuo vyetu vingi siku hizi vinasema vina masomo kwa intaneti. Ukiuliza zaidi, mara nyingi unakuta ni kundi la WhatsApp tu. Mwalimu anatuma silabusi ya PDF, anaongeza sauti mbili tatu, wanafunzi wanajibu "asante profesa", na baada ya wiki mbili hakuna anayejua nani alirudisha TP na nani hakurudisha. Aliyeibiwa simu amepoteza somo lote. WhatsApp ni njia nzuri ya kupashana habari, lakini siyo chuo. Kuna chombo kingine kilichotengenezwa kwa kazi hiyo hasa: jukwaa la kuendesha masomo, lile wanafunzi wetu wanaita platiforme.

Jukwaa ni programu inayokaa kwenye seva, yaani kompyuta inayowaka mchana na usiku na kufikiwa kwa intaneti. Kila mwanafunzi anaingia kwa jina lake na neno la siri. Kila somo lina chumba chake, na ndani ya chumba hicho kuna mafundisho yaliyopangwa kwa wiki, mahali pa kuweka TP, interogasio, uwanja wa majadiliano na daftari la alama. Kila kitu kinaandikwa pamoja na tarehe na saa yake. Mwanafunzi aliyekaa mwezi mzima bila mtandao akirudi anakuta somo liko palepale alipoliacha, na mwalimu anaona kwamba hakuwepo. Kwangu mimi faida kubwa ni hiyo: somo linamngojea mtu.

Watu wetu wanahitaji kungojewa. Machi 2020, korona ilipofunga shule na vyuo katika nchi nzima, vyuo vichache tu viliweza kuendelea. Vita ilifika Goma Januari 2025 na Bukavu Februari 2025. Benki zilifungwa na njia zikawa ngumu. Wanafunzi waliokaa benchi moja leo mmoja yuko Beni, mwingine Bujumbura, mwingine kambini Uganda. Chuo kinachofundisha kwa ubao na chaki peke yake kinawapoteza hao wote siku moja.

Majukwaa ni mengi. Google Classroom ni rahisi kuanza nayo na inafaa kwa somo moja au mawili, lakini daftari na mipangilio yake ni ya kampuni, chuo hakiwezi kuifanya iwe yake. Mimi nitasema zaidi juu ya Moodle kwa sababu ni programu huria: chuo chochote kinaweza kuichukua bure, kuiweka kwenye seva yake na kuibadilisha kadiri ya haja yake. Toleo lake la kwanza, 1.0, lilitoka Agosti 2002. Aliyeianzisha ni Martin Dougiamas wa Australia, na maisha yake yanatuhusu kidogo. Alikulia katika jangwa la Australia ya Magharibi, mbali na shule yoyote, akasoma kwa redio ya mawimbi mafupi. Wazee wetu wanajua chombo hicho: ni foni, ile ile ambayo stesheni za misioni zilitumia kuitana asubuhi kabla ya simu za mkononi kuja. Mtoto aliyesomeshwa kwa foni alitengeneza jukwaa linalotumika leo na vyuo vikuu duniani kote.

Hata katika theolojia, kumfuata mwanafunzi alipo si jambo jipya. Mwaka 1963 seminari ya Wapresbiteri huko Guatemala iliona kwamba wachungaji wa vijijini hawawezi kuacha familia na mashamba kwa miaka mitatu. Ikawapa vitabu vya kujifunzia nyumbani, na mwalimu akawa anawatembelea kwa zamu. Mtindo huo ulienea hadi Afrika. Jukwaa linafuata njia ileile, ila mahali pa mfuko wa vitabu pamewekwa simu.

Tuje kwenye mtandao wetu, kwa maana hapo ndipo masomo mengi yanakufa. Mwalimu akisikia "somo kwa intaneti" anawaza video. Tuhesabu. Video ya dakika 20, hata ikiwa ya ubora wa kawaida wa megabiti 1 kwa sekunde, inakula megabaiti 150. Sauti ya dakika 20, ikihifadhiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, inakula karibu megabaiti 5, na maneno yanasikika vizuri. Kurasa 60 zilizopigwa kwenye kompyuta mara nyingi hazifiki megabaiti 1. Kurasa hizohizo zikipigwa picha moja moja zinaweza kupita 50. Mwanafunzi wa Fizi au wa Walikale ananunua mega kwa pesa za chumvi na sabuni. Profesa anayeweka video kumi anamfukuza huyo darasani bila kumwambia. Maoni yangu ni kwamba somo lianze na maandishi mafupi, lifuate sauti, na video iwe ya mwisho kabisa, pale tu ambapo jicho lazima lione.

Moodle ina programu yake ya simu za Android na iPhone. Mwanafunzi akipata mtandao mzuri, tuseme siku ya soko anaposhuka mjini, anapakua somo zima kwenye simu. Nyumbani anasoma bila mtandao, anaandika jibu lake kwenye majadiliano, anatayarisha TP. Siku akipata mtandao tena, programu inapeleka yote yaliyongoja. Interogasio pia inaweza kufanywa hivyo, lakini mwalimu lazima aruhusu mwenyewe katika mipangilio, na isiwe na mpaka wa dakika. Msimamizi wa jukwaa naye lazima awe amefungua huduma ya simu. Vitu hivi viwili vikisahauliwa, wanafunzi watasema jukwaa halifanyi kazi, nalo ni zima.

Pasipo mtandao kabisa bado kuna njia. MoodleBox ni Moodle iliyowekwa kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, inayoenea kwenye kiganja. Inatoa Wi-Fi yake yenyewe: wanafunzi waliomo ndani ya jengo wanaunganisha simu zao na kusoma bila intaneti wala mega. Umeme wake ni wati chache, paneli ya jua na betri vinatosha. Mwalimu anatayarisha somo mjini, analibeba kwenye flashi kama faili moja, analifungua kule. Kwa shule ya Biblia iliyo porini naona hii ni bora kuliko kungoja mnara wa simu ambao haujulikani utakuja lini.

Lakini chombo si kazi. Huku kwetu somo mara nyingi linafundishwa na profesa mgeni anayekuja wiki moja, anafundisha asubuhi hadi jioni, anauza silabusi, anatoa mtihani, anaondoka. Kuichukua silabusi hiyo na kuitupa kwenye jukwaa siyo kufundisha kwa mbali. Somo lazima likatwe vipande: wiki hii kurasa nane za kusoma, swali moja la kujadiliana, maswali matano ya kujipima. Kisha mwalimu arudi kila baada ya siku mbili tatu ajibu. Mwanafunzi aliye peke yake, asipojibiwa mara ya kwanza na ya pili, mara ya tatu haandiki tena. Kazi hii inakula saa nyingi kuliko ile wiki moja, na chuo kikubali kuilipa. Tuseme wazi pia kwamba walimu wengine wanaogopa jukwaa kwa sababu silabusi wanazouza ndizo zinazowasaidia kulipa kodi ya nyumba. Halmashauri isiyozungumza jambo hilo mbele yao itashangaa kuona vyumba vya masomo vinabaki vitupu.

Majadiliano yakubaliwe kwa Kiswahili hata kama somo limeandikwa kwa Kifaransa. Nimeona wanafunzi walionyamaza darasani wakiandika kurasa nzima walipoambiwa waandike kwa lugha wanayohubiri nayo.

Mfumo wa LMD unalipa neno hili uzito zaidi. Mwaka mmoja una kirediti 60, lisansi ina 180, na ndani ya kila kirediti kunahesabiwa pia kazi ambayo mwanafunzi anafanya mwenyewe, siyo saa za darasani peke yake. Ile kazi ya peke yake ndiyo vyuo vyetu vinashindwa kuonyesha. Jukwaa linaionyesha, kwa sababu lina tarehe, maandishi ya mwanafunzi na jibu la mwalimu.

Mtihani ndio mahali ambapo diploma inapata au inapoteza heshima yake. Moodle inaweza kuchanganya maswali kutoka hazina kubwa, kila mmoja apate yake. Haiwezi kujua nani ameshika simu, wala kama jibu limeandikwa na mtu au na akili bandia. Kwa hiyo mtihani wa mwisho usiachwe mikononi mwa simu. Makanisa yana kitu ambacho vyuo vingine havina: parokia kila mahali. Mtihani utumwe kwa mchungaji wa karibu, aliyekubaliwa na chuo, asiye jamaa wa mwanafunzi. Karatasi zifunguliwe mbele ya wote, ziandikwe kwa mkono, zipigwe picha na kurudishwa siku hiyohiyo. TP nazo ziulize mambo ambayo hayapo kwenye intaneti. Ukimwomba mwanafunzi aeleze namna wazee wa kijiji chake wanavyopatanisha ugomvi wa shamba, na alichokisikia kwao wenyewe, kompyuta haitamsaidia sana. Halafu mpigie simu dakika kumi, aeleze kwa mdomo.

Jukwaa ni pia orodha ya watu, na katika majimbo yetu orodha inaweza kumdhuru mtu. Wasifu wa mwanafunzi katika Moodle una nafasi ya mji na ya picha. Ziachwe wazi, na namba za simu zisionekane na wanafunzi wengine. Majadiliano yabaki juu ya somo, siyo juu ya nani anashika barabara ipi. Msimamizi asiwe mmoja, kwani akikimbia na neno la siri chuo kimefungwa. Wala wasiwe kumi. Nakala ya jukwaa ichukuliwe kila wiki na kuwekwa katika mji mwingine au nchi nyingine. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma, na Mei 2021 mlima ukatoka tena, watu wakahama kwa maelfu. Seva iliyofungiwa katika ofisi ya katibu wa masomo haina usalama kuliko kabati la karatasi.

Kuhusu gharama, neno "bure" lisiwadanganye. Programu ni bure, lakini seva ya kukodi inalipwa kila mwezi au kila mwaka, fundi anahitaji mshahara, na walimu wanahitaji mafunzo. Vyuo viwili vitatu vikitumia seva moja vinaweza kugawana mzigo huo, kila kimoja kikiwa na masomo yake. Vianze na masomo mawili, promosheni moja, muhula mmoja, ndipo viongeze.

Kabla ya kufungua, msimamizi aangalie saa. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, na seva ya kukodi inaweza kuwa inafuata saa za Ulaya. TP inayofungwa saa sita kamili ya usiku kwa saa za Kinshasa, huku Bunia na Bukavu inafungwa saa saba. Moodle inaruhusu kila mtu kuwekewa saa za kwake. Chagua Lubumbashi, ndiyo saa yetu Mashariki yote.